Boti Iliyokunywa Maji Upande wa Kushoto

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali, simu imesimama juu ya pua, najua mnajua kila kitu. Mkikwama mnauliza simu, na simu haijawahi kuchota maji hata siku moja. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Basi mtanisamehe nikiwaeleza jinsi wanaume wawili wenye vyeti walivyotafuta tundu kwenye boti.

Boti ni ya kitinda mimba wangu, mtu mzima mwenye mke na ndevu. Aliinunua ikiwa imetumika, awe anavusha watu hapa Masinga, kutoka upande wetu wa bwawa hadi ng'ambo. Ni sakafu ya mbao, viti na paa la turubai, na vyote vimekaa juu ya mapipa mawili marefu ya aluminiamu, moja kulia, moja kushoto. Mapipa yakiwa na hewa tu, boti inaelea. Pipa moja likiingia maji, boti inaegemea kama mlevi anayetafuta ukuta.

Yetu ikaanza kuegemea kushoto.

"Ni upepo, Mwaitu," akaniambia. Sisi Wakamba mama tunamwita hivyo, hata tukimdanganya.

Upepo ulipotulia, yakawa ni mawimbi. Mawimbi yalipotulia, wakawa ni abiria. "Wamama wanene nitawaketisha kulia, itanyooka."

"Na utawapima na nini? Mizani ya mahindi?"

Ningemwacha na boti yake. Lakini Jumamosi ya wiki hiyo, wamama kumi na wanane wa kanisa letu, mimi nikiwa mmoja wao, tulikuwa tuvuke tukamzike mwenzetu ng'ambo. Kumi na wanane, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Tunachojua ni kuimba. Tungezama kwa sauti nne.

Jumatano akamleta rafiki yake, fundi wa kuchomelea mageti. Wakaivuta boti hadi ukingoni, wakaikalisha juu ya magogo, wakafungua kizibo cha nyuma. Maji yakatoka kwa pipa la kushoto hadi mbuzi wangu wakaja kunywa. Wakaacha yakaisha yote, wakapangusa, halafu ndiyo wakaanza kutafuta yalikoingilia. Walitambaa chini yake na tochi za simu mchana kweupe. Kila mkwaruzo waliouona wakaupaka gundi ile ya kuziba matangi. Walipomaliza, nikahesabu viraka kumi na sita. Pipa lilikuwa kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Alhamisi asubuhi wakairudisha majini. Ikasimama wima. Mwanangu akapigwa picha amekunja mikono. Saa nne akapakia watu wa soko na magunia yao, na saa sita akarudi akiwa ameegemea kushoto, yeye na boti yake na viraka vyake vyote.

"Ikiwa tupu iko sawa kabisa," fundi akasema, akijikuna kichwa.

"Basi iwe inavusha hewa," nikamwambia.

Hapo akapata wazo. Kuna kompresa ya kujaza magurudumu ya lori, ataileta, ataisukumia hewa kwa nguvu, tundu litajitokeza lenyewe.

"Litajitokeza, ndiyo. Na pipa nalo litajitokeza vipande viwili. Hilo ni bati jembamba kama la sufuria. Keti chini." Akaketi. Nikawauliza, "Maji mliyomwaga jana yaliingilia wapi?"

"Kwa tundu, Mwaitu," mwanangu akajibu.

"Tundu likijua kuingiza, halijui kutoa?"

Mke wa mwanangu, ambaye huongea mara mbili kwa mwaka, akainamisha uso ndani ya leso yake akicheka.

Marehemu mama yangu alikuwa akitengeneza vibuyu vya maziwa vilivyopasuka. Hakutafuta ufa kwa macho. Alijaza maji ndani, akakausha nje, akapaka majivu, akaenda zake shambani. Akirudi, ufa ulikuwa umejiandika wenyewe, mstari mweusi juu ya majivu. Nikawaambia wafanye hivyo hivyo. Waliivuta tena ukingoni, wakaongeza magogo ya kubeba uzito wa maji, wakaleta pampu ya kumwagilia nyanya, wakajaza pipa hadi mdomoni. Mimi na mkaza mwana tukalipaka majivu ya jikoni kutoka mwanzo hadi mwisho.

Viraka kumi na sita vikabaki vikavu. Pale chini walipotambaa, pakavu. Majivu yalilowa juu ubavuni, mahali pamoja tu, kuzunguka kibao.

Kibao hicho kinasema "NAHODHA MKUU". Mwanangu alikikaza mwenyewe kwenye pipa kwa skrubu nne ndefu, alipoinunua boti. Boti ikiwa tupu, skrubu ziko juu ya maji. Wakiketi watu, pipa linazama kidogo, skrubu zinakwenda chini, maji yanaingia.

Nilikitazama kibao. Nikamtazama nahodha mkuu. Yeye akawatazama mbuzi.

Nitampa fundi haki yake. Alikiri kwamba vijiti vyake vya kuchomelea ni vya chuma, na akivigusisha kwenye aluminiamu, tundu la skrubu litakuwa dirisha. Wakamwaga maji, wakang'oa kibao na skrubu zake, wakaacha pipa likauke juani. Ijumaa akaleta mwenzake kutoka Kyumbi mwenye mashine inayofaa. Huyo hakuongea sana, nikampenda. Alikwangua rangi hadi bati likang'aa jeupe, akachomelea matundu yote manne. Kisha nikadai sabuni. Wakafunga kizibo, wakaingiza hewa polepole kwa pampu ya baiskeli, nami nikapaka povu kama ninavyopaka mtungi wa gesi ukija nyumbani. Tundu la nne likatoa kipovu kimoja kama jicho la kuku. Akarudia. Nikapaka tena. Kimya.

"Imeisha, Mwaitu!" mwanangu akapiga makofi. "Kesho saa moja asubuhi napakia wamama."

"Alhamisi pia ilikuwa imeisha."

"Lakini sasa umeona mwenyewe!"

"Nimeona pipa likiwa juu ya magogo. Sijaona likiwa chini ya watu."

Akaanza kunieleza aibu atakayopata, kwamba ameshawaahidi wamama, kwamba njia ya gari kuzunguka bwawa ni ndefu. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana hata mimi niliyaogopa yale mashimo ya barabarani na mgongo wangu huu. Kisha nikawaita wote waliokuwapo, yeye, mkewe na fundi aliyekuwa ananinywea chai, nikasema mara moja:

"Kesho wamama wanazunguka na gari, na tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Boti itakaa majini na magunia kumi na manane ya mchanga kwenye viti kumi na vinane, hadi jua lizame. Na wewe utaketi katikati ya hayo magunia, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, uniambie yameimba nini."