Picha Aliyoikataa Mama Adhiambo

Kabla sijaonyeshwa meza yangu, nilipewa mwavuli. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza serikalini: kusimama nyuma ya Mkuu wa Wilaya pale Migori, mvua ikipenya kwenye bati, nikilikinga daftari la ndoa lisilowe huku watu wawili wakila kiapo. Bibi harusi alilowa. Mkuu wa Wilaya naye alilowa. Daftari lilitoka kavu, na Karani Mkuu, mzee mwembamba aliyefunga tai hata siku za joto kali, akanitazama na kusema, "Huyu atatufaa."

Mimi ni Robi, Mkuria wa upande wa Isebania, na tangu siku ile mpaka nilipostaafu sikuwahi kufanya kazi nyingine ila hii ya kuandikisha ndoa. Nyinyi vijana mnaojaza kila kitu kwenye simu huenda hamjui ilani ya ndoa ilikuwa kitu gani. Wachumba walikuja, tukaandika majina yao kwenye karatasi, tukaibandika kwenye ubao nje ya ofisi kwa majuma matatu, ili yeyote mwenye pingamizi ajitokeze. Na walijitokeza! Nimewahi kumwona mama mmoja akiisoma ilani ile polepole, akiwa amebeba mtoto mgongoni, kisha akaingia ndani na kuuliza kwa upole kabisa kama serikali inajua kwamba bwana harusi huyo ni mumewe. Bwana harusi alitorokea dirishani.

Karani Mkuu alinifundisha kutocheka mbele ya wateja. Alinifundisha pia mpaka wa kazi yetu. "Binti, sisi hatupimi mapenzi," aliniambia. "Sisi tunauliza kama mtu yuko huru kuoa. Mengine ni yao."

Kwa wageni, uhuru huo ulithibitishwa kwa cheti cha kutokuwa na kizuizi, ambacho serikali ya nchi yao inawapa kuonyesha kwamba hawana ndoa nyingine kwao. Pale Migori wageni wetu wengi walikuwa watu wa ng'ambo ya mpaka tu, kutoka Tanzania, na wengine hawakukubali kabisa kwamba ni wageni. Namkumbuka mmoja aliyepandwa na hasira mpaka akavua kofia. "Madam, mimi nimekuwa mgeni lini? Ng'ombe wangu wanakunywa maji Kenya kila asubuhi!" Karani Mkuu hakuinua hata macho. "Ng'ombe hawaandikishi ndoa hapa, ndugu. Lete cheti." Alikileta. Harusi yao nililia, kama nilivyolia karibu kila harusi, na wenzangu wakanizoea.

Baadaye sheria ilibadilika, kazi ikatoka kwa wakuu wa wilaya, nami nikahamishiwa Homa Bay, chini ya Msajili wa Ndoa. Walipita wasajili kadhaa. Wa mwisho alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mwenye haraka na mwenye huruma, aliyeniita "Mama" hata tulipokuwa tunabishana. Ni chini yake nilipoishughulikia ndoa ya Adhiambo na Lars, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia, kwa kuwa kila ninapoikumbuka moyo wangu hushukuru.

Adhiambo alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, mtoto wa kisiwa cha Mfangano. Lars alitoka nchi moja ya baridi huko Ulaya, ambayo siitaji kwa sababu watu wake bado wananitumia salamu za Krismasi. Alikuja kutengeneza majokofu ya kuhifadhia chanjo. Jokofu la maabara ya Adhiambo liliharibika mara nyingi kuliko majokofu yote ya kaunti, na sikuwahi kuamini kwamba kosa lilikuwa la jokofu.

Makaratasi yao hayakunisumbua. Cheti cha kutokuwa na kizuizi kilikuja, pasi zikakaguliwa, ilani ikakaa muda wake bila mtu kuruka dirishani. Ijumaa niliwaandikia cheti cha ndoa mwenyewe, na Jumapili nikavuka ziwa kwenda Mfangano kwenye sherehe, maana kamati ya harusi ilinialika kwa nguvu. Kamati hiyo! Walibishana wiki nzima kuhusu keki: ivuke kwa mashua ya injini au iokwe kisiwani. Ilivuka, ikiwa imepakatwa na shangazi aliyeapa kwamba mashua ikizama, atazama nayo.

Sherehe ilikuwa nzuri. Wazazi wa Lars walikuja na marafiki zao, wakala samaki kwa mikono, wakacheza. Mama Adhiambo, muuza samaki mrefu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo, alimpa kila mgeni mkono, wa pili ukishika kiwiko. Ila bwana harusi. Lars alipopita, mama alijiondoa njiani, naye Lars akateremka upande wa pili kwenye nyasi, kichwa chini. Wajaluo wana neno moja, maro, linalomaanisha mama mkwe, na kwa watu wa rika la Mama Adhiambo neno hilo hubeba heshima nzito: mkwe hamshiki mkono, hali naye chakula, hamkodolei macho. Kaka za Adhiambo walikuwa wamemfundisha Lars hayo yote. Mpiga picha alipoita jamaa ya bibi harusi, mama alisimama mwisho kabisa wa mstari, akageuza uso kuelekea jikoni.

Miezi ikapita. Mkataba wa Lars ukaisha, na kibali chake cha kazi kikawa kinakaribia kuisha nacho. Adhiambo alikuwa mjamzito. Walikuwa wameomba viza ya mwenzi, ambayo humruhusu mke kumfuata mumewe, ili mtoto azaliwe wazazi wote wawili wakiwa pamoja. Siku moja wakaingia ofisini kwangu, Adhiambo macho yamevimba.

"Madam, wametukatalia viza."

Jibu la ubalozi lilikuwa la adabu. Cheti hakikuwa na kasoro. Lakini wakati huo ndoa za kununua viza zilikuwa zimezidi, nao walitazama picha za harusi kutafuta dalili. Waliona kwamba mama wa bibi harusi hakukaribia bwana harusi katika picha hata moja, na katika ile ya jamaa alikuwa amempa kisogo. Wakahitimisha kwamba familia haiitambui ndoa hiyo. Rufaa iliruhusiwa, lakini haraka.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaliona tumbo la Adhiambo, kicheko kikanikauka.

Msajili wangu alitoka chumbani kwake akasikiliza akiwa amesimama. "Si wapige picha nyingine tu? Mama akae katikati, amshike mkwe mkono, acheke, kwisha. Mpiga picha yuko hapo stendi."

Adhiambo akampigia mamake hapo hapo, akaweka sauti ya wote kusikia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo picha sitapiga."

"Mama, mtoto atazaliwa bila babake kwa sababu ya picha?"

Tulisikia injini ya mashua upande wake, na watu wakiulizana bei. Kisha mama akasema, "Nakuja kesho," akakata.

Lars, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, aliniangalia. "Madam, mimi sitaki yeye apate aibu. Kama hataki, mimi naenda peke yangu, tunaomba tena."

"Na mtoto?" nikamuuliza.

Alimshika mkewe begani, wakatoka. Siku ile sikula chakula cha mchana. Nilijua maombi ya pili huchukua muda gani, na nilijua watoto hawasubiri makaratasi.

Kesho yake Mama Adhiambo alifika akiwa na leso mpya na harufu ya ziwa. Mpiga picha alikuwa tayari nje. Lars alikuwa ameketi mbele ya meza yangu, na mama alipotokea mlangoni alisimama ghafla, asiingie. Kabla yeyote hajasema neno, Lars akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama barazani akiwa ametupa mgongo. Hakuambiwa na mtu. Jua lilikuwa kali na baraza ile haina kivuli.

Mama akaingia, akaketi, akamtazama kupitia dirishani kwa muda.

"Madam," akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mimi nilitoka kwangu nikiwa nimekubali hiyo picha. Kwa sababu ya mtoto. Lakini huyu mtu ameniona tu, ameamka mwenyewe, ametoka. Sasa mimi nitamwaibisha aje, na yeye ananiheshimu hivi?"

"Lakini Mama Adhiambo, wakubwa wa ubalozi wanasema hamumtambui."

"Hao watu wana macho?" Akageukia Msajili. "Kijana yangu, lete hizo picha za harusi."

Msajili akazifungua kwenye kompyuta, akaigeuza. Mama akanyoosha kidole. "Huyu mzungu mnene, nimempa mkono. Huyu mwenye miwani, nimempa mkono. Babake Lars, nimempa mkono. Mamake, nimemkumbatia. Hata huyu wa ngoma, simjui, nimempa mkono. Wazungu wote wa hiyo harusi niliwasalimia. Ni mmoja tu sikusalimia." Akaangalia tena nje, kule barazani. "Angekuwa si kitu kwangu, ningemsalimia. Huyu sikumsalimia kwa sababu ni bwana ya mtoto wangu."

Msajili alijifanya anatafuta kalamu. Mimi sikujifanya chochote, nililia waziwazi kama ninavyolia siku zote.

"Andika hivyo, Madam," akasema.

Tukaandika hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu anaapa mbele ya wakili kwamba ni ya kweli. Tuliyaandika maneno yake kama alivyoyasema, tukaambatanisha picha zile zile zilizokuwa zimewatia mashaka, kila mkono aliopeana ukiwa umewekewa alama. Chifu wa kisiwani na mchungaji wao wa Sabato waliongeza maelezo kuhusu desturi ile. Wakili wa upande wa pili wa barabara alipiga muhuri bila kutoza kitu. Mpiga picha tulimlipa nauli akarudi stendi.

Rufaa ilikubaliwa. Adhiambo alinipigia akipiga kelele tu, sikuelewa neno hata moja, nami nikapiga kelele pia. Faili lao lilikuwa miongoni mwa mafaili ya mwisho niliyoyafunga. Muda si mrefu nikastaafu. Walinifanyia chai ofisini, Msajili akatoa hotuba ndefu, na mimi, jamani, nilifanya nini kingine zaidi ya kulia?

Watu huniuliza nilipata nini katika kazi ile, kwani mshahara wake haukuwa wa kujengea ghorofa. Nawaambia nimepata kuona watu katika siku yao bora, mwaka baada ya mwaka, na kulipwa kwa kuwatazama. Nashukuru kwa Karani Mkuu aliyenipa mwavuli na adabu, na kwa bosi kijana aliyekubali kunyamaza palipostahili. Namshukuru Mungu pia kwa makaratasi, ingawa niliyalaani mara nyingi, kwa kuwa bila hayo nisingeingia katika nyumba za watu kiasi kile.

Mwaka huu nilivuka kwenda Mfangano kumsalimia Mama Adhiambo, ambaye sasa ni rafiki yangu. Tulikuwa tumeketi kwake tukila omena, dagaa wa ziwani, simu yake ilipolia, ile ya video ya kuonana. Alikuwa Adhiambo, amevaa koti nene ndani ya nyumba, akitaka mama aone jinsi mtoto anavyosimama. Akaiegemeza simu mahali. Mtoto akatokea, mashavu mekundu, magoti yanayumba, ameshikwa kwapani na mikono miwili mikubwa yenye madoa ya grisi.

Mikono tu. Kichwa cha Lars hakikuonekana, wala bega. Kule mbali, katika nchi ambayo hakuna jirani wa kumsema, alikuwa amejipinda nje ya kioo kabisa, ili maro wake amwone mjukuu bila kukutana naye uso kwa uso.

Mama Adhiambo aliitazama mikono ile mpaka mtoto akachoka na kukaa chini. Sauti yake kubwa ya sokoni ikawa ndogo.

"Adhiambo," akasema, "mwambie mwenye hiyo mikono, ero kamano, asante. Mwambie nimemwona."