Tovuti Yetu Ilikuwa Inakufa Jua Likiwaka

Ndugu zangu, mvua ikinyesha, tovuti ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Jua likiwaka, inakufa.

Msicheke kwanza. Seva yetu inatumia umeme wa jua.

Mimi na mke wangu tuna kastudio kadogo ka kutengeneza tovuti, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Yeye ndiye anayeandika programu. Mimi ndiye ninayeongea.

Na nilikuwa naongea kweli kweli! "Sisi ni studio endelevu," nawaambia wateja. Hatulundiki kazi, hatutengenezi kurasa nzito za kumaliza bando za watu, na tukikukabidhi tovuti yako hatukukimbii. Halafu natulia kidogo, naachia kombora la mwisho: "Tovuti yako itaendeshwa na jua."

Wateja hoi.

Ukweli ni kwamba ilikuwa kompyuta kuukuu, betri moja, na sola niliyoilaza kwenye paa la stoo, usawa wa kifua. Mke wangu alitaka iwekwe juu ya nyumba. Nikamwambia kitaalamu pale chini inapata jua tulivu zaidi.

Hakuna kitu kinaitwa jua tulivu. Naogopa ngazi.

Sasa, mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja anayekodisha magauni ya harusi. Tulimwita Mama Shela. Bibi harusi anaingia kwenye tovuti, anaona gauni gani liko wazi tarehe gani, analishika. Kwisha.

Siku moja akanipigia, sauti imekauka.

"Kijana, nina mabibi harusi wawili dukani. Gauni moja. Wote wanalia."

"Pole sana, Mama. Imekuwaje?"

"Tovuti ilizimika, mmoja nikampokea kwa simu. Ikarudi, mwingine akalishika gauni lilelile. Sasa huyu mmoja namtuliza na gauni la binti yangu mwenyewe! Kijana, ikizimika tena Jumamosi hii, nahama."

Akihama yeye, studio inafungwa, mimi narudi mtaani kutafuta kazi. Na kazi pekee ninayoijua ni kuongea.

Nikaanza uchunguzi. Nikasema ni joto: jua likiwaka, mashine inachemka. Nikainunulia feni. Ikawa inazimika mapema zaidi, maana feni nayo ilikuwa inakunywa betri ileile.

Nikahamishia lawama kwa washindani. "Kuna mtu anatuhujumu," nikamwambia mke wangu.

"Mtu anayehujumu siku za jua tu?"

"Ni mjanja."

Ana namna yake ya kunitazama halafu anarudi kwenye kompyuta yake, na mimi najikuta nafuta meza ambayo haina vumbi.

Jumamosi ikafika. Jua kali. Nikakaa mbele ya seva kama mlinzi wa benki. Mchana taa ikapepesa, ikazimika, na hapohapo simu ya Mama Shela ikaita.

Sikupokea.

"Umeangalia sola?" mke wangu akauliza.

"Sola iwe na tatizo gani na jua lote hili?"

"Nenda tu, baba."

Nikaenda. Nikazunguka nyuma ya stoo, nikaganda.

Sola haikuonekana. Juu yake kulikuwa na blanketi. Pembeni ya blanketi, shuka. Na katikati kabisa, umetulia, mto wangu mimi mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa anaugeuza upande wa pili.

Tunaishi naye. Siku za jua anafua, sisi tukiwa tumejifungia na kazi, na jioni matandiko yanarudi yamekunjwa, yana joto hadi raha. Nilikuwa namsifu! "Mama, hivi unafanyaje?" Anacheka tu.

"Mama," nikasema polepole, "hapa..."

"Eeh, mwanangu! Kinashika joto hiki! Blanketi linakauka mara moja."

"Nani alikwambia uanike hapa?"

Akanishangaa. "Si wewe? Siku ile unakiweka nilikuuliza hiki ni nini. Ukaniambia, 'Ni kitu cha kutumia jua, Mama, usijali.' Nikasema kumbe mkwe wangu ameona bega langu halifiki tena kwenye kamba. Nimewaambia mpaka majirani."

Nilisema hivyo kweli. Nilikuwa na haraka, nikaona nikianza kumweleza habari za seva hatanielewa. Mimi, mtaalamu wa kueleza.

Akanitazama usoni, akaelewa. Akaanza kukunja shuka.

"Kumbe hukunitengenezea mimi."

Jamani. Hasira za Mama Shela ningezibeba. Hilo lilinishinda. Nilisimama pale nimeona aibu mpaka nikasahau kwamba studio inakufa.

Simu ikaita tena. Nilikuwa na uongo tayari kichwani, mzuri tu, una mitambo ya nje ya nchi ndani yake. Lakini Mama amesimama mbele yangu na mto wangu mkononi. Nikashindwa kuutoa huo uongo. Nikamweleza Mama Shela kila kitu, hadi mto.

"Nipe huyo mama," akasema.

Wakaongea. Mimi nilikuwa nasikia upande mmoja tu: "Eeh." "Hapana." "Ndivyo alivyo." Mara Mama akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Mwishowe akanirudishia simu.

"Sihami," Mama Shela akasema. "Ila kuanzia leo nikiwa na shida nampigia yeye, sio wewe. Wewe muda wote huu unaniambia 'changamoto za kimfumo'. Yeye ameniambia, 'Binti yangu, nilianika blanketi, nimeshalitoa, subiri betri ijae kidogo.' Nimeelewa."

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyokuwa huduma kwa wateja wa studio yetu. Wateja wengine nao wamehamia kwake, mimi wananisalimia tu. Sola sasa iko juu ya nyumba. Mke wangu ndiye aliyepanda. Mimi nilishika ngazi nimefumba macho.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nawahutubia watu wa mbali kuhusu huduma, na mtu ninayeishi naye nikamnyima sentensi moja nzima. Mweleze mtu kazi yako kwa maneno anayoyatumia yeye, hasa yule unayedhani hataelewa.

Na Mama nikamtengenezea kichanja cha kuanikia, cha kweli, usawa wa bega lake, kwa mikono yangu hii ambayo haijawahi kushika nyundo. Alikipapasa kote, machozi yakamlengalenga. "Hiki sasa ni changu," akasema. Nikavimba kichwa siku nzima.

Kesho yake nikamsikia kwenye simu na Mama Shela.

"Hapana, binti yangu, tovuti iko hewani. Kilichoanguka leo ni kichanja cha mkwe wangu."