Ufunguo Mmoja, Kingo Mbili

Kisangani nzima sijui nyumba nyingine yenye mashine tatu za mitandao ya sarafu za kidijitali sebuleni. Niliziunganisha mwenyewe niliporudi kutoka ng'ambo na diploma yangu. Ya kwanza inahifadhi historia yote ya bitcoin. Ya pili, nyepesi, inapitisha malipo madogo. Ya tatu ndiyo roho yangu: inathibitisha miamala ya mtandao mwingine, na akiba yangu yote ya ugenini imefungwa humo kama rehani. Ufunguo wake usitie sahihi kutoka mashine mbili kwa wakati mmoja. Ukikosea, mtandao unakata rehani, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Siku hiyo umeme ulikatika mtaani kwetu Makiso tangu asubuhi. Mama, kama kila mama wa mji huu, alizunguka nyumba akichomoa friji, televisheni, pasi, maana umeme wetu hurudi na hasira. Mashine zangu hakuzigusa, nilishamkataza.

Nikavuka mto hadi Lubunga, kwa dada yangu mwenye paneli za jua, nikawasha mashine ya akiba kwa ufunguo uleule ili kazi ya kuthibitisha isisimame. Dada akafunga mlango, akaenda shambani. Nami nikapanda pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu, kurudi, nimeridhika kabisa.

Tulikuwa katikati ya mto muziki ulipolipuka kutoka baa zote za bandarini kwa pamoja. Abiria wakapiga kelele: "Courant eyei!"

Umeme umerudi. Na mashine ya nyumbani nilikuwa nimeipanga ijiwashe yenyewe. Nikampigia mama, simu yake haikuwa na chaji.

"Papa, piga kasia!" nikamwambia mvushaji.

"Bon, tonton, bibi yako iko nazaa?" akauliza, yaani mke wangu. Pirogi nzima ikacheka.

"Heri angekuwa anazaa!"

Mashine ikiamka, kwanza huvuta yote yaliyoipita, ndipo itie sahihi. Dakika chache tu, na maji yalikuwa yanatusukuma pembeni. Ufukweni niliruka kabla pirogi haijagusa mchanga, nikadandia pikipiki.

Mama alikuwa anachomeka friji. Nikampita, nikang'oa waya wa mashine ya tatu ukutani.

"Batu yote banawasha, weye unazima? Hiyo diplome ni ya wapi?"

Nikafungua simu, nikaona rehani yangu imekaa nzima, sahihi zote zimetoka Lubunga peke yake. Ndipo nikaketi chini, sakafuni.

"Mama, courant ikienda tena, chomoa na hii."

"Ile ulikataza nisiguse?"

"Ndiyo, mama."

Akaitazama mashine yangu, akaitazama friji yake.

"Alors, iko sawa na frigo tu."