Sahihi ya Mwenye Eda

"Mwenye eda ni mimi, Harith. Kompyuta haikufiwa na mume."

Rumaisa aliyasema hayo nyuma ya pazia la dirisha la juu. Chini, kwenye daka la mlango, shemeji yake alikuwa ameketi barazani na miguu kaikunja kama mwenye nyumba.

"Sikusema imefiwa," Harith akajibu. "Nasema imekufa. Wateja wako waja dukani kwangu, wasema Bi Rumaisa hajazi tena fomu. Tulikubaliana mbele ya kadhi: ikifanya kazi, ikae nawe. Ikilala, naiuza, nawe wapewa robo yako."

"Robo ya kompyuta nitaifanyia nini? Nitapewa kibodi nijipepee?"

"Kesho asubuhi naleta wachukuzi."

"Lete. Na kitanda cha maiti usikisahau, maana hawatoki nayo ila mimi niwe nimetangulia."

Rumaisa alizaliwa Kipungani kwa wasuka mikeka, akaolewa mjini Amu na Badawi, mtu mpole aliyejazia watu fomu za mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa, leseni, maombi ya karo. Mwanzo kazi yake Rumaisa ilikuwa kushika karatasi. Kisha wanawake wakaanza kumtaka yeye, kwa kuwa mwanamke hapendi kumtajia mwanamume umri wake, na akimtajia humpunja. Badawi alipofariki, mkewe akaingia eda, haruhusiwi kutoka wala kukaa na mwanamume asiye maharimu wake. Lakini wanawake walipanda ngazi, wakaketi mkekani, naye akawajazia. Hakuwa na mtoto wala shamba. Alikuwa na ile mashine.

Juzi mtandao ukamkataa, ukamwambia mfumo wake umezeeka. Akabonyeza palipoandikwa auhuishe. Mashine ikashusha ya kushusha, ikafuta ya kufuta, ikafika katikati ikasimama na kumuuliza swali. Na hapo ndipo ilipokuwa bado, ikingoja jibu.

Fundi Fanuel aliitwa, akaja mbio kutoka ufuoni na mkoba begani. Ni mtu wa bara, mlokole, hana makuu. Alikuwa ameshavua viatu apande alipoambiwa hapandi.

"Hata dakika moja, Bi?"

"Hata nusu. Kaka yangu ndiye maharimu wangu, naye yuko Mkokoni. Keti hapo, sema nami kwa dirisha."

Harith akasogea kumpisha. Hakuondoka. Mwanamume akipanda ile ngazi, Harith atakuwa na la kumpelekea kadhi kubwa kuliko kompyuta, na Rumaisa alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

"Basi nisomee swali," Fanuel akasema.

"Yaniuliza nitie kiini chenye sahihi au kisicho na sahihi. Kiini cha nini, cha yai?"

"Kiini ndicho kinaamka kwanza, halafu kinaamsha vingine vyote. Chenye sahihi kimethibitishwa na waliokitengeneza."

"Basi chenye sahihi. Hapa karatasi isiyo na sahihi haikufikishi hata kwa chifu."

"Ngoja, Bi, usiguse. Hicho ni kikali. Kitu kisicho na sahihi hakikipokei. Na ile programu inayoendesha waifai yako marehemu aliiunda mwenyewe, haina sahihi ya mtu. Mashine itaamka, lakini mtandao hutauona."

"Na fomu zangu ziko mtandaoni."

"Ndiyo hivyo."

"Basi kisicho na sahihi."

"Hicho hakina neno na waifai. Lakini kuna mlinzi ndani ya mashine, anakagua sahihi kabla haijaamka. Hukipitishi kiini mbele yake mpaka umzime, na anazimwa kwa neno la siri la Bwana Badawi. Unalijua?"

Rumaisa akalitafuta kichwani. Mume alimwambia mambo mengi katika ndoa yao, mengi hayana kazi: nani alimkopa nani, samaki gani ana miba. Hilo hakumwambia.

"Siyui," akasema.

Harith akakohoa, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

"Basi naiwacha kama ilivyo," Rumaisa akamwambia fundi.

"Haiwachiki. Kiini cha zamani kimefutwa, nafasi ilikuwa imejaa. Inaishi kwa pumzi iliyobaki nayo. Stima ikipotea saa hii, haiamki."

Rumaisa akaitazama taa ya darini. Huku mtandao hakuna, huku mashine haiamki, katikati stima ya Amu, ambayo hupotea hata kukiwa hakuna upepo. Na yeye mlango wa kutokea hana. Akakaa kitini, akaona kuta za chumba zimesogea.

Fanuel alikuwa akijikuna kidevu.

"Bi Rumaisa. Iko njia, lakini mimi siiwezi. Tia chenye sahihi. Halafu ile programu ya marehemu tuitilie sahihi. Yako."

"Yangu mimi?"

"Mashine inakubali sahihi ya mwenyewe. Ila inataka kuona mtu amekaa mbele yake. Ikijizima na kujiwasha itatoa ukurasa wa samawati, na hapo hakuna fundi anaingia kutoka mbali. Ni aliyeko tu."

"Mimi niko. Niende wapi?"

Rumaisa akachagua chenye sahihi. Kisha Fanuel akamsomea amri herufi kwa herufi, naye akaandika herufi kwa herufi, mtaa mzima ukisikiliza.

"Sasa tunga neno la siri, ule ukurasa utakuuliza. Usinitajie."

"Litaje nasi tusikie," Harith akasema.

Rumaisa akafunga dirisha.

Mashine ikajizima, kioo chake kikawa cheusi. Kikakaa cheusi, akaisoma Aya ya Kursi mpaka mwisho. Kisha ukaja ule ukurasa wa samawati, maandishi yote ya Kizungu. Akashuka kwa mshale mpaka neno lianzalo kwa E, kama alivyoambiwa. Akaandika neno lake. Vidole vikateleza, likakataliwa. Akaufuta mkono kwa leso, akaliandika tena, pole pole, kama mtu anayetia uzi sindanoni.

Mashine ikaamka. Kijitaa cha waifai kikaanza kupepesa.

Akafungua dirisha. "Harith, waambie wachukuzi walale. Nawe kalale."

Harith akainuka, akajipangusa kikoi, akaenda zake bila kuaga. Rumaisa hakucheka. Eda ilikuwa imebaki siku nyingi, na chumba kilikuwa kile kile.

Fanuel alikuwa akivaa viatu. Alivaa kimoja, akasita.

"Bi, kuna jambo. Siku ya maziko mliuliza nani anamdai marehemu. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikaona haya kusema. Siku moja nilimlipia boti kutoka Manda, akasema atanirudishia."

"Ngoja nikutupie hizo pesa."

"Sikuja kudai. Nataka kumsamehe, lakini sijui mnasema aje."

Rumaisa akashika pazia. "Sema kwa maneno yako. Na umtaje jina."

"Nimemsamehe Badawi," Fanuel akasema.

"Kwa sauti. Huku juu hakusikiki vizuri."

Akarudia, kwa sauti.