Nilimchagulia mama kuku wa kienyeji, kumbe sikumwelewa neno moja

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi tiles, naishi mjini, Nzuguni. Shule niliishia form two, mimi na hesabu tulishindwana tabia. Humu mnanijua kwa utani, na leo utakuwepo kidogo maana ndivyo nilivyoumbwa. Ila habari yenyewe ni ya mama yangu mzazi, na mama huwezi kumtungia.

Kila wiki naona mtu anauliza humu, nifuge kuku gani wa nyama wa kula nyumbani?

Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Mkanijibu vizuri tu. Aliyeharibu ni mimi.

Iko hivi. Mama alikuwa anaishi kijijini, Mvumi. Koo likaanza kumsumbua, ugali haupiti mpaka ausukume na maji. Vipimo vikatoka, saratani ya koo. Daktari akatueleza kwamba njia itaendelea kubana. Wakati huo alikuwa bado anakula, mradi kiwe laini.

Nikampigia simu kumuuliza anatamani nini.

Akasema, "Nataka kuku wa nyumbani, baba."

Kuku wa nyumbani. Kichwani kwangu hiyo ni kienyeji, imeisha hiyo. Sikuuliza mara mbili.

Sasa ngoja niwape picha ya kwangu. Mama Neema, mke wangu, alikuwa na banda la broiler, anawauzia watu wa chips. Muda wote banda lina kuku. Wiki sita kuku yuko tayari, nyama laini kama mkate.

Akaniambia, baba Neema, si umlete mama aje ale hawa hawa? Nikamjibu kwa madaha kwamba mama yangu hawezi kula kuku wa dawa. Nikajiona mtoto mwenye kujali.

Ndipo nikaja humu kuuliza. Mmoja akasema chukua chotara, miezi mitatu minne unachinja, nyama ina ladha na haisumbui meno. Mwingine akasema kama unataka ladha ya kweli, kienyeji pure, ila uwe na subira, nusu mwaka na zaidi.

Mimi nikachagua subira. Subira ya koo la mtu mwingine.

Nikanunua vifaranga kumi na wawili vya kienyeji pure. Chanjo ya kideri nikasema nitawapa wiki ijayo, kuna site inanibana. Wiki hiyo ilipofika wakaanza kusinzia na kufa mmoja mmoja. Walibaki wanne, majike matatu na jogoo mmoja.

Jogoo huyo nilimlea kuliko nilivyomlea Neema. Mtama, mchicha, dagaa. Mke wangu alikuwa ananiangalia tu.

Mama alikuwa anauliza kwenye simu, kuku amefikia wapi? Namwambia bado mama, hata kuwika hajui. Anacheka. Mwezi unaofuata anauliza tena, sauti imepungua. Nikienda kumwona Mvumi namkuta anakunywa uji. Bado nikamwambia asubiri kidogo, jogoo anajaza kifua.

Wakuu, pale Mvumi kuku wa kienyeji wanazurura mpaka jikoni kwake. Mtu mwenye akili angejiuliza, huyu mama anaagizaje kienyeji kutoka mjini? Mimi sikujiuliza.

Jogoo alipokomaa nikakodi gari, nikamleta mama Nzuguni. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu. Miaka minne nimehamia, sijawahi kumkaribisha. Fundi tiles mzima, nawawekea watu sakafu za kujitazama uso, kwangu ni saruji yenye nyufa. Nilikuwa naona aibu. Nilisema nikimaliza nyumba ndiyo nitamwita.

Jogoo akachemka tangu asubuhi mpaka saa nane. Kienyeji pure, mifupa kama nondo.

Mama akapewa paja. Akachukua kipande kidogo, akatafuna. Akatafuna sana. Halafu akageuka pembeni, akakitema kwenye pindo la khanga yake taratibu ili wajukuu wasione. Mchuzi vijiko viwili vikapita, cha tatu kikarudi.

Nikaanza kujitetea, labda tungemchemsha zaidi.

Akasema, "Baba, mimi nilisema kuku wa nyumbani. Nyumbani kwako. Kienyeji si wamejaa kwangu kule?"

Nikageuza macho kwenye banda la broiler, naye akayafuata.

"Hata hawa weupe wa mkwe wangu ningekula. Kipindi kile nilikuwa nameza."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nasubiri niweke kwanza tiles.

Akaitazama ile saruji, akanitazama mimi. "Kwani nilikuwa nakuja kula sakafu?"

Mama Neema akacheka huku analia. Mimi nilishindwa vyote viwili.

Kisha mama akasogeza sahani yake mbele yangu. Akasema, "Haya, kula nikuone."

Nikala. Ile nyama ilikuwa ngumu, na mama hakuondoa macho kwangu mpaka nilipomaliza paja lake lote. Akasema nimekonda.

Hakurudi tena Nzuguni. Tulimzika Mvumi kabla mvua hazijaanza.

Sasa ushauri, maana uzi ni wa kuku. Unayefuga kwa ajili ya familia, usianze na mbegu, anza na mlaji. Ana meno? Anameza? Ana muda gani? Mwenye haraka mpe broiler bila kuona aibu, chotara kwa wenye nafasi, na kienyeji pure awe wa watu wazima wa afya. Chanjo ya kideri usiiahirishe kama mimi. Na mtu akikuagiza kitu, muulize ana maana gani, hata kama ni mama yako na unadhani unamjua.

Mwenye mzazi anayepumua, Jumapili hii mkaribishe, nyumba hivyo hivyo ilivyo.

Maswali ya kuku ulizeni, nitajibu ninachokijua. Na wa kunisema niseme tu, nimekaa kwenye saruji yangu nawasoma.