Mizigo ni ya Nani? Mama wa Turbo Aliyeokoa Pikapu Yake

Ni saa moja na nusu asubuhi, na barabara ya kutoka Turbo bado ina matope ya mvua ya jana. Tryphosa Nangila ameshika usukani kwa mikono miwili. Yuko pekupeku, viatu vyake vya mjini vimelala kwenye kiti kando yake. Nyuma ya pikapu kuna masanduku manne ya mbao, na ndani yake mayai mia tatu yaliyolazwa juu ya maganda makavu ya mahindi.

Akikaribia shimo anapunguza mwendo mpaka gari karibu lisimame. Lori moja linampita kwa kishindo, dereva akipiga honi na kucheka.

"Mwache apite," anasema Nangila. "Yeye amebeba mawe. Mimi nimebeba karo ya mtoto."

Mara mbili kwa wiki anasafiri hivi, maili ishirini na zaidi, kupeleka mayai hotelini na katika nyumba za mjini Eldoret. Ana kuku mia moja na hamsini. Akishatoa chakula cha kuku na petroli, hubaki na shilingi kama mia moja kwa mwezi, na hizo ndizo zinazomsomesha binti yake, Priscah, katika chuo cha ualimu.

Mwezi uliopita, kazi hiyo ilikaribia kufa. Haikuwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuku wala shimo la barabarani. Ilikuwa bima.

Nyumba ya Nangila ina magari matatu, jambo ambalo majirani hulitaja kwa sauti ya chini kama vile wanataja mvua ya mawe. Mumewe, Stephen Wasike, anaendesha lori lao la kukodishwa, akibeba mahindi ya wakulima kwa malipo kwenda stesheni. Ndugu ya Wasike, Murunga, fundi wa matairi, anatunza motokaa kuukuu ya kupeleka familia kanisani. Pikapu ni ya mayai.

Karatasi zote za magari zimo katika mkoba wa Nangila. Alikabidhiwa kazi hiyo miaka minne iliyopita, mwaka wa 1952, baada ya Murunga kusimamishwa na askari akiendesha motokaa isiyo na bima. Murunga alikuwa na karatasi mfukoni, lakini ilikuwa ya lori.

"Mimi nilijua bima ni kama kodi ya kichwa," anaeleza Murunga, naye hana haya tena kulisimulia. "Kichwa kimoja, risiti moja. Nililipia lori, nikasema basi, kichwa changu kimelipiwa, naweza kuendesha chochote."

Alitozwa faini ya shilingi sitini. Jioni hiyo Wasike alichukua karatasi zote akaziweka mbele ya mkewe, aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita.

"Shemeji alinicheka wiki nzima," anasema Murunga. "Mpaka leo nikiomba chumvi ananiuliza, ya kichwa gani?"

Mwaka huu bei ya bima ilipanda. Kwa magari yote matatu ofisi ilidai shilingi elfu moja na mia moja, na pikapu peke yake ilikuwa mia tatu na sitini, zaidi ya faida ya mayai ya miezi mitatu. Wasike alipiga hesabu, akairudia.

"Mama Priscah," akasema mwishowe, "tatu zimetushinda. Pikapu iende."

Mnunuzi alikuja siku ya pili yake. Alikuwa Kipkorir, mchuuzi wa maziwa kutoka Moiben. Alizunguka gari, akapiga tairi teke, kisha akamwambia Nangila, "Mama, toa mayai yako nijaribu breki."

"Breki jaribu na mayai," Nangila akamjibu. "Yakivunjika utajua haishiki."

Kipkorir alicheka, akasema atarudi Jumamosi na fedha. Nangila akamwomba mumewe wiki hiyo moja atafute bima nafuu.

Alizunguka ofisi tatu mjini. Katika ya pili, bwana mmoja alimpa bei iliyomshangaza: shilingi mia sita kwa yote. Kulikuwa na sharti dogo. Fomu iseme kwamba magari yote, lori likiwamo, yanabeba mali ya nyumbani tu.

"Na siku lori ikigonga mtu, nayo imebeba mahindi ya mkulima?" Nangila akauliza.

"Mama, omba Mungu isigonge."

"Mungu naomba kila siku. Hapa nilikuja kununua bima."

Akaondoka. Lakini njiani yale maneno ya fomu hayakumtoka: mali ya nyumbani. Alisimamisha pikapu chini ya ukuta wa soko, akafungua mkoba, akasoma karatasi za mwaka uliopita mstari kwa mstari. Magari yote matatu yaliandikwa kwamba ni ya kukodishwa, yaani ya kubebea watu au mali kwa malipo, ambayo bima yake ni ghali zaidi, hata ile motokaa ya kanisani.

Kesho yake alirudi katika ofisi ya kwanza, ile anayokata bima kila mwaka, kwenye dirisha la nyuma ambako Waafrika huhudumiwa. Karani hapo ni Kituyi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Miaka mitatu iliyopita uliniuliza kama pikapu inabeba mizigo," Nangila akamwambia. "Nikasema inabeba. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Hukuniuliza mizigo ni ya nani. Mayai ni yangu. Kuku ni wangu. Hakuna mtu ananilipa kuyabeba. Na motokaa ukaniuliza inabeba watu, nikasema inabeba. Watu gani? Ni mama mkwe wangu na Biblia yake."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kituyi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaenda kwa mkubwa wake. Alikaa huko muda mrefu.

Kituyi aliporudi alikuwa na fomu mpya tatu. Lori lilibaki la kukodishwa, kwa bei ile ile ya mia nne na themanini. Pikapu ilishuka mpaka mia mbili na kumi, motokaa mpaka mia moja na arobaini. Hapo Nangila akauliza swali la mwisho: anayeleta magari matatu pamoja, ofisi yenu humfikiria vipi? Lilikuwapo punguzo la shilingi kumi katika kila mia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumla ikawa shilingi mia saba na arobaini na saba.

"Miaka tisa niko dirisha hili," anasema Kituyi. "Tangu siku hiyo, mtu akisema inabeba mizigo, naweka kalamu chini kwanza."

Kipkorir alifika Jumamosi na fedha zake. Wasike ndiye aliyetoka kumpokea. "Umechelewa, rafiki yangu," alimwambia. "Mwenyewe amekataa kuuza." Nangila alikuwa jikoni, akalisikia neno hilo, mwenyewe. Analirudia polepole, macho yakiwa barabarani.

Kwa maana katika karatasi zote, mwenye pikapu bado ni Stephen Wasike. Mpango wa Nangila ni kwamba mwakani mahali hapo paandikwe Tryphosa Nangila.

"Nilimwambia mzee," anasema, huku akiingiza pikapu taratibu katika ua wa hoteli. "Akasema sawa, lakini niulize bei kwanza, isije punguzo likatutoka."

Anazima injini, anavaa viatu.

"Nimeuliza. Mradi tunakaa nyumba moja, haiongezi hata senti."