Mmeza Vito

Zamani nilichangia kazi za wasanii kwa furaha. Mtu akituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba anarekodi nyimbo au anachapa kitabu, nilituma pesa kabla hajamaliza kujieleza. Nilipenda kuona kitu ambacho hakikuwepo kinazaliwa, na mimi nimo kwa mbali.

Siku hizi nachangia kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Ilianza na mchoraji mmoja wa Majengo niliyeimba naye kwaya. Alikuwa anaandaa hadithi ya picha kuhusu kijana anayekwenda Tunduru kutafuta vito. Kila atakayechangia, alisema, sura yake itachorwa kitabuni. Mimi ni fundi cherehani wa kujifundisha mwenyewe. Mshono ukipinda kidogo nafumua gauni zima. Kwa hiyo nilijipiga picha asubuhi nzima, nikafuta, nikafunga kilemba upya, nikapiga tena. Nilituma ile ambayo nilionekana mtu mtulivu.

Kitabu kilipotoka, sura yangu alikuwa amempa mchawi anayeiba vito vya wachimbaji kwa kuvimeza. Kilemba kilekile. Hata kidoti changu cha shavuni hakukisahau.

Mtaa wetu wote wa Msamala ulikisoma. Muuza dagaa akawa ananipigia kelele kutoka mbali: "Mmeza vito! Leo dagaa utatafuna au utameza?" Mteja mmoja alipokuja kuchukua nguo yake alivihesabu vifungo mbele yangu. "Natania tu, dada. Lakini vimetimia?" Nilicheka naye. Alipoondoka nililia mpaka nikaunguza kitambaa cha watu kwa pasi.

Nilimpigia mchoraji.

"Aa, dada, ni sanaa hiyo! Watu wanampenda sana yule mchawi."

Mwaka huu akatangaza kitabu cha pili. Atakayechangia kuliko wote atachagua mwisho wa mhusika yeyote amtakaye. Nilitoa akiba yangu ya mashine ya kudarizi, yote, nikawapita wachangiaji wengine. Najua ni upumbavu. Mama aliniambia hivyo, akakifungua kitabu cha kwanza, kisha akauliza, "Na huyu kijana shujaa, mbona sura ni ya mchoraji mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Nimekiandika kifo chake mara nyingi, maana kila mara niliona kasoro. Sasa kimekaa sawa. Shujaa anaogopa kupekuliwa, anajaribu kumeza kito kama alivyomwona mchawi akifanya, kinamkaba. Anafia kwenye choo cha stendi, macho yamemtoka, ute unamchuruzika kidevuni. Mchawi anakuja, kilemba hakijapinda hata kidogo, anakitoa kile kito kooni, anakifuta, anakimeza.

Jana mchoraji alinipigia, sauti imemnywea. "Dada, jamani, si ungemwacha hata aumwe tu?"

"Ni sanaa hiyo, kaka," nikamwambia. "Na ule ute uuchore vizuri."

Leo nasubiri mchoro wenyewe. Kidevu kisipofanana na chake, atarudia.